Rotesheni za maabara katika mwaka wa kwanza wa uzamivu Marekani: mwongozo kwa wanaokwenda kusoma mikrobiolojia na imunolojia

Barua ya kukubaliwa ikishafika, visa ikishagongwa kwenye pasi na mabegi yakishafungwa, bado kuna jambo ambalo wengi wetu hulikuta huko huko: programu imekukubali, lakini hakuna maabara iliyokukubali. Kwetu, anayeomba uzamivu kwa kawaida hutangulia kumpata msimamizi, wakaelewana juu ya andiko la utafiti, ndipo usajili ukafuata. Programu nyingi za Marekani za mikrobiolojia na imunolojia zimeupindua utaratibu huo. Mwaka wa kwanza unafanya rotesheni: unakaa maabara moja wiki 6 hadi 10, unahamia ya pili, kisha ya tatu, na mwisho wa mwaka unachagua moja ya kubaki nayo hadi unapomaliza. Uzamivu wote huchukua miaka 5 au 6, kwa hiyo mtu utakayemchagua utakuwa naye muda mrefu kuliko uliokaa sekondari ya chini.

Mimi rotesheni ya kwanza niliichukulia kama mtihani wa vitendo wa kidato cha sita. Nilidhani nikitoa matokeo mazuri nimefaulu. Hakuna anayetarajia ugunduzi katika wiki 8. Unachotafuta ni mtu wa kukusimamia na fedha za kukulipa. Sayansi ya kuvutia utaikuta karibu kila mlango utakaogonga.

Hatua ya 1: Orodha ya majina, ukiwa bado nyumbani

Anza miezi miwili kabla ya kusafiri. Fungua ukurasa wa programu yako, andika majina 8 hadi 10 ya wenye maabara ambao kazi zao unaweza kuzieleza kwa ndugu yako bila kukwama. Kila mmoja mtafute PubMed, hifadhidata ya makala za tiba na biolojia, usome makala mbili za miaka ya karibuni. Usiishie kwenye muhtasari. Tazama jina la kwanza kwenye orodha ya waandishi: ni la mwanafunzi, au kila mara ni la posdoki, yule mwenye uzamivu tayari anayefanya utafiti kwa mkataba? Maabara ambayo wanafunzi wake hawaonekani mwanzoni mwa makala yoyote kwa miaka minne ina jambo la kuuliza.

Watu watadhani umekuja kwa ajili ya malaria. Ukitaka malaria, vema; ila usichague maabara kwa sababu ugonjwa wake unatoka kwenu. Virusi vya nyumbani vimetapakaa huko: chikungunya ni neno la Kimakonde, lilichukuliwa kwenye mlipuko wa 1952 hadi 1953 kusini mwa Tanganyika, na Zika ni msitu karibu na Entebbe ambako kirusi chake kilipatikana 1947. Unaweza kuvitafiti bila kuvifanya kitambulisho chako, na unaweza kutumia miaka yote hiyo kwenye bakteria wa utumbo wa panya usione aibu yoyote.

Ukishapunguza majina yakabaki matano, waandikie barua pepe. Iwe fupi: wewe ni nani, umeingia programu gani, makala gani yao umesoma na swali moja la kweli lililobaki kichwani, kisha uulize kama wanapokea wanafunzi wa rotesheni mwaka huu na kama wanatarajia kupokea mwanafunzi wa kudumu. Maswali hayo mawili si moja. Wapo wanaokubali rotesheni kwa sababu mikono ya ziada ni bure, huku nafasi ya kudumu haipo. Mara ya kwanza andika Dr. na jina la ukoo. Akijibu na kujisaini kwa jina lake la kwanza, mwite hivyo hivyo, hata kama moyo unakusuta.

Hatua ya 2: Uliza fedha mapema, tena waziwazi

Hapa ndipo wanafunzi wa kigeni wanapoumia, na sababu yake ni ya kisheria wala si ubaguzi wa mtu mmoja mmoja. Mwaka wa kwanza posho yako kwa kawaida inalipwa na programu au idara. Ukishachagua maabara, mzigo unahamia kwa mwenye maabara. Wenzako Wamarekani wanaweza kulipiwa na ruzuku za mafunzo za NIH, taasisi za afya za serikali ya Marekani, ziitwazo T32, au wakaomba ufadhili binafsi wa F31. Zote mbili ni za raia na wakaazi wa kudumu tu. Wewe mwenye visa ya mwanafunzi, F-1, humo humo darasani huzigusi. Maana yake ni kwamba profesa akimchukua mwenzako huenda asitoe senti kwa miaka miwili, na akikuchukua wewe analipa kutoka ruzuku yake tangu siku ya kwanza.

Kwa hiyo nenda kwenye NIH RePORTER, hifadhidata ya wazi ambayo mtu yeyote anaisoma bila nenosiri. Andika jina la mwenye maabara. Utaona ruzuku zake, kiasi kilichotolewa kila mwaka, na tarehe ya kwisha. Ruzuku kubwa ya kawaida, R01, hudumu miaka 4 au 5. Ukiona ipo moja tu na inakwisha miezi kumi baada ya wewe kujiunga, hilo halimfanyi kuwa mtu mbaya, lakini ni swali la kumuuliza uso kwa uso kabla ya rotesheni kuanza: "Mwanafunzi wa kigeni akijiunga nawe mwezi wa tano, atalipwa na nini, na kwa muda gani?" Wao hawaoni haya kuzungumzia pesa. Mwenye jibu atakutajia namba za ruzuku. Asiye nalo atakuambia tutaona. "Tutaona" ni jibu pia, lipokee hivyo.

Na usisahau kwamba visa yako imefungwa kwenye usajili. Mwanafunzi asiyepata maabara anaweza kuondolewa kwenye programu, na F-1 nayo ikafuata. Uliza ofisi ya programu sera yao ni ipi na kama rotesheni ya nne inaruhusiwa.

Hatua ya 3: Panga mfuatano kwa kalenda yao

Maabara unayoitamani kuliko zote usiiweke ya kwanza. Wiki zile za mwanzo hujui duka liko wapi, hujazoea lafudhi, masomo ya darasani yamekukaba na hata akaunti ya benki haijafunguka. Mimi naona iwe ya pili: umeshajifunza kushika pipeti zao, na ukikuta siyo, muda wa kutafuta nyingine upo. Ya kwanza ichague kwa ajili ya ujuzi, sehemu ambayo utatoka unajua jambo moja kwa mikono yako.

Halafu hesabu siku zenyewe. Alhamisi ya nne ya Novemba ni Thanksgiving na majengo huwa matupu hadi Jumatatu. Kuanzia katikati ya Desemba hadi baada ya mwaka mpya watu wanasafiri. Rotesheni ya pili iliyoandikwa wiki 10 kwenye karatasi inaweza kuwa na wiki 7 za kazi.

Hatua ya 4: Afya na mafunzo ya usalama, kabla ya kugusa kitu

Wiki ya kwanza utapewa mafunzo ya usalama wa kemikali, ya vimelea vinavyoenezwa kwa damu, na ya kushika wanyama kama maabara inatumia panya. Yafanye yote kwa pamoja mwanzoni mwa mwaka, usisubiri kila rotesheni. Idhini ya kuingia chumba cha panya hasa huchelewa.

Kuna jambo moja letu. Wengi wetu tulichanjwa BCG tukiwa wachanga na kovu liko mkononi. Muuguzi wa chuo akikuchoma kipimo cha ngozi cha kifua kikuu, mkono unaweza kuvimba kwa sababu ya chanjo hiyo, ukajikuta unaelekezwa kwenye picha za kifua na dawa za miezi kadhaa. Mwambie mapema kwamba ulichanjwa, uombe kipimo cha damu cha aina ya IGRA, mfano QuantiFERON. Chenyewe hutumia protini za kimelea cha kifua kikuu ambazo kwenye BCG hazimo, kwa hiyo chanjo haikichanganyi. Kikitoka chanya, hilo ni suala la kweli la kufuatilia, na wala si mwisho wa safari: maambukizi yaliyolala si ugonjwa.

Hatua ya 5: Mradi uchaguliwe kwa mwendo wa kiumbe

Hili ndilo ningetamani mtu aniambie. Profesa atakupa mradi kwa shauku, nawe utaitikia kwa shauku, na hakuna atakayepiga hesabu ya siku. Ipige wewe.

Bakteria E. coli kwenye mchuzi mzuri wa kukuzia hujigawa kila dakika 20 hivi. Ukipanda leo jioni, kesho asubuhi makoloni, yale madoa ya bakteria kwenye sahani, yanakusubiri. Mycobacterium tuberculosis, kimelea cha kifua kikuu, hujigawa mara moja kwa karibu siku nzima, na koloni la kuonekana kwa macho huchukua wiki 3 hadi 4. Jaribio moja likiharibika, rotesheni imekwisha. Tena kimelea hicho hushikwa kwenye maabara ya kiwango cha tatu cha usalama, na idhini ya kuingia humo mara nyingi huchukua muda mrefu kuliko rotesheni yenyewe. Ndiyo maana maabara za kifua kikuu zenye busara humpa mgeni M. smegmatis, ndugu yake asiye na madhara, ambaye makoloni yake huonekana kwa siku 3 au 4. Ukipewa huyo usijione umedharauliwa.

Kama umetoka Lushoto, tauni umeisikia kwa wazee na pengine unatamani kuitafiti. Kimelea chake, Yersinia pestis, pamoja na kile cha kimeta, viko kwenye orodha ya vimelea vinavyolindwa na serikali ya Marekani: hugusi aina zake kali kabla FBI haijakuchunguza. Hilo ni jambo la mwaka wa pili.

Upande wa kinga ya mwili, tatizo ni panya. Mimba yake ni wiki 3, mtoto anaachishwa ziwa akiwa na wiki 3, na anafaa kwa majaribio mengi akiwa na wiki 6 hadi 8. Ukiambiwa "tutazalisha panya wenye jeni hii na ile, kisha utawaambukiza", jumlisha mwenyewe: wiki 9 zimepita hujachoma sindano hata moja. Swali lako ni fupi: panya hao wapo kwenye vizimba leo? Makrofaji za uboho wa mfupa, seli za kinga zinazomeza vimelea, kwa upande mwingine, zinakuzwa kwa siku 7 tu, na panya aliyeambukizwa kirusi cha LCMV cha aina ya Armstrong hufikia kilele cha seli T, askari wengine wa kinga, siku ya 8. Miradi ya namna hiyo ndiyo inayoingia kwenye rotesheni na nafasi ya kurudia ikabaki.

Mwombe mwenye maabara swali moja linalojibika kwa grafu moja. Andika nusu ukurasa wa mpango wenye tarehe, mtumie, mwambie aurekebishe.

Hatua ya 6: Wiki za kazi

Siku za mwanzo fuatana na mtu uliyepangiwa, mwanafunzi wa mwaka wa nne au fundi wa maabara, uangalie mkono wake. Mara ya kwanza tazama, ya pili mfanye pamoja, ya tatu fanya wewe yeye akiwa karibu. Usiruke hatua kwa kuona haya.

Haya yenyewe ndiyo adui. Tumelelewa kwamba kumkatiza mwalimu ni utovu wa adabu, na kwamba ukimya mbele ya mkubwa ni heshima. Kwenye kikao chao cha maabara, aliyekaa kimya saa nzima huandikwa kichwani mwao kuwa hana hamu, au hakuelewa. Nilijiwekea sharti: kila kikao swali moja, hata liwe dogo. Wiki ya kwanza niliuliza mhimili wa wima wa grafu unapima nini. Kumbe wenzangu wawili nao hawakuwa wanajua.

Wiki ya 6 ya rotesheni yangu ya pili nilikuwa na bandama za panya 12. Unaiponda bandama juu ya chujio la mikroni 70, unaziyeyusha seli nyekundu kwa kimiminika cha ACK, unahesabu, kisha unatia kingamwili zenye rangi. Zangu zilikuwa rangi 8. Saa 12 asubuhi hadi saa 3 usiku, mikono imekunjamana ndani ya glavu, na nikaziingiza zote kwa fahari kwenye mashine ya flo saitometri, inayosoma rangi za seli moja moja kwa mwanga. Sikutayarisha mirija ya rangi moja moja. Bila hiyo mashine haiwezi kufidia mwanga unaomwagika kutoka rangi moja kwenda kidirisha cha jirani; rangi iitwayo FITC humwagikia iitwayo PE kila mara. Data yote ya siku ile ilikuwa na kundi zuri la seli ambalo halikuwepo. Posdoki aliyekaa karibu nami aliangalia skrini, akavuta kiti, akaniambia, "Kila mtu humu ana siku yake ya namna hii. Kesho chukua panya mmoja tu, fanya rangi zote, na mirija ya rangi moja moja." Nilifanya hivyo. Jaribio la panya mmoja kwanza, hata ukiwa na wote 12 mkononi, limekuwa desturi yangu tangu siku ile.

Daftari liandike siku hiyo hiyo. La maabara si lako, litabaki baada yako, na atakayelisoma hatakuwa na wewe wa kumweleza. "Nilipanda bakteria, walikua vizuri" haina faida kwake. Andika hivi: "Myeyusho wa 10⁻⁵, mililita 0.1 kwenye sahani, makoloni 84, sawa na milioni 84 kwa mililita." Kingamwili iandikie jina la kloni na namba ya toleo lililo kwenye chupa. Na jaribio lililoharibika liandike kama lilivyoharibika.

Wiki mbili za mwisho usianzishe kitu kipya. Watakushawishi. Kataa kwa upole.

Hatua ya 7: Waulize wapangaji

Ukienda kutafuta chumba cha kupanga, dalali atakuonyesha dirisha na feni. Kama maji yanatoka, na kama mwenye nyumba hugonga mlango usiku wa manane, utaambiwa na wapangaji kwenye kamba ya kuanikia nguo. Maabara ni vilevile. Wanafunzi hawatasema kikaoni. Watasema mkienda kunywa kahawa, au usiku mnaposubiri sentrifuji isimame.

Waulize mambo yenye jibu, siyo "unampenda bosi?" Uliza rasimu ya makala hukaa mezani kwake siku ngapi. Uliza mara ya mwisho mtu alipoomba kwenda nyumbani kwa msiba au harusi ilikuwaje. Kwako safari ya nyumbani ni saa 20 na wiki tatu, siyo wikendi. Uliza wanafunzi watatu waliopita walimaliza kwa miaka mingapi na sasa wako wapi. Uliza kama kuna aliyeondoka bila kumaliza, kisha nyamaza umwache ajibu. Anayesita, akatazama mlango, na kusema "inategemea" amekujibu.

Mwenye maabara kijana, ambaye bado hajathibitishwa kazini, atakuwa nawe mezani kila siku, atakufundisha mwenyewe, na presha yake ya kuchapisha itakuwa yako. Mkongwe mwenye watu 25 ana fedha na jina, lakini pengine utamwona mara moja kwa wiki mbili na malezi yako yatakuwa mikononi mwa posdoki. Mimi nilichagua kijana. Rafiki yangu mmoja alichagua mkongwe, na alifanya vizuri kwa sababu ni mtu asiyehitaji kusukumwa. Jijue.

Hatua ya 8: Hotuba, uamuzi na kuaga

Mwisho wa rotesheni utatoa hotuba ya dakika 10 hadi 15. Slaidi moja ya swali, moja ya njia, mbili au tatu za matokeo, moja ya yaliyoshindikana na sababu yake. Hiyo ya mwisho ndiyo wanayoisikiliza kwa makini. Fanya mazoezi mbele ya mtu asiye wa fani.

Usiahidi maabara yoyote kabla rotesheni zote hazijaisha, hata ukibembelezwa. Muda ukifika, mwambie uliyemchagua kwa mdomo, kisha kwa barua pepe inayotaja tarehe ya kuanza na chanzo cha posho kama mlivyoelewana, ili kiwe kwenye maandishi. Wale wawili wengine waendee siku hiyo hiyo, ana kwa ana, kabla hawajasikia kwenye korido. Huna haja ya kutoa sababu ndefu: "nimejifunza mengi kwako, nimeamua kwenda kwa fulani" inatosha. Mmoja wao huenda akakaa kwenye kamati itakayokutahini mwaka wa pili.

Kabla ya kurudisha ufunguo, fungua friza ya nyuzi 80 chini ya sifuri utoe kisanduku chako. Kila mrija uwe na jina lako, tarehe, kilichomo na ukurasa wa daftari, kwa kalamu isiyofutika kwa ethanoli. Ile ya kawaida hupotea mtu akipangusa mara moja tu. Mpigie fundi wa maabara picha ya mahali ulipokirudisha: rafu ya ngapi, safu ya ngapi. Atakuandikia baada ya miezi minane kuuliza.